Shuka Hizo Kazifua Nani?

Ndugu mhariri, nanyi wenzangu wa kalamu, mniwie radhi. Niliahidi hadithi fupi kwa toleo hili, na hadithi ninayo, iko mvunguni. Ila makala moja ya toleo lililopita imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, haishuki wala haitoki. Mwenzetu mmoja (simtaji, sote twamjua, na riwaya niliyomwazima hajairudisha hadi leo) katuandikia kurasa tatu nzima kutufundisha jinsi kabwela anavyoweza kulala hoteli ya nyota tano na kupanda ndege daraja la wakubwa kwa hela ya mboga. Subiri masika, anasema. Omba bei ya mkazi. Ukifika mapokezi sema uko fungate, hata kama bibi harusi ni binamu yako. Asubuhi lalamika kwamba umeona mende, watakuhamishia chumba kikubwa. Kesha na simu ukivizia nauli iliyokosewa. Kusanya pointi. Kisha akafunga kwa neno ambalo ndilo hasa limeninyima usingizi: eti anayelipa bei kamili ni fala.

Sasa nisikilizeni. Mimi si mtawa, raha naipenda kama mtu mwingine yeyote. Mimi ni kijana wa Mbagala, kidato cha nne, mchana nakaa kwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu, usiku naandika riwaya. Katika sura ya sita ya riwaya hiyo shujaa wangu anaingia hoteli kubwa ya pwani. Nilikwisha kuiandika mara nne, na mara zote nne ilinuka uongo, maana hoteli kubwa nilizozijua ni za kwenye sinema. Basi mwaka jana mwezi wa Aprili nikafanya yaleyale anayoyahubiri mwenzetu. Nikavuka maji kwenda Unguja, nikapanda daladala hadi pwani ya mashariki, mvua inanyesha kama imetumwa. Chumba kilichoandikwa dola 310 nikakipata kwa shilingi 180,000, bei ya mkazi, bei ya masika, chai ya asubuhi ndani yake. Hela hizo nilizichanga miezi mitatu. Dada wa mapokezi aliponiuliza nimekuja kwa shughuli gani nikamwambia naandika kitabu. Akacheka. Akasema, “Wenzio husema wako fungate.”

Sitawadanganya, nilifurahi. Kitanda kilikuwa kipana hata nikalala kwa mapana. Taulo lilikunjwa likawa bata mwenye shingo, nikaona haya kumfungua, nikajifutia shati. Maji ya moto nilioga mara tatu, si kwa uchafu, kwa hesabu. Asubuhi papai, nanasi, mayai ya namna nne, na mimi peke yangu ukumbini na wazee wawili wa Kizungu wanaosoma gazeti la wiki iliyopita. Nikawa najiambia, ewe kijana, umefika.

Lakini jicho la mwandishi lina adabu mbaya, haliangalii linapoelekezwa. Kijana aliyenibebea begi jana yake ndiye aliyeniletea wali jioni, na asubuhi nikamwona yeye yuleyule kwenye bwawa la kuogelea na wavu mrefu, anavua majani. Nikamuuliza, “Kaka, wenzenu wako wapi?” Akasema, “Likizo ya masika.” “Yenye mshahara?” Alinitazama kama mtu aliyetegewa kitendawili na mtoto mdogo. Hakujibu, akaendelea na wavu wake.

Hapa sasa ndipo penye aibu yangu, na nimejizuia kurasa mbili za rasimu kabla ya kuiandika. Dada yangu, tumbo moja, ni dobi wa hoteli. Si hoteli ile niliyolala, ni nyingine, mwendo wa saa moja hivi kwa daladala. Mkataba wake ni wa msimu. Katikati ya Machi wakishaanza kufunga majengo mawili kati ya matatu, yeye na wenzake hupewa mkono wa kwaheri hadi Juni. Siku ninayovuka bahari kwenda kulala kwa mapana, dada alikuwa nyumbani Mbagala anakaanga maandazi ya kuuza. Na mimi nilimwambia naenda kwenye kikao cha waandishi.

Alinikamata kwa sabuni. Si nilirudi na ile sabuni ndogo ya mviringo, yenye karatasi ya kukunjwa? Akaichukua, akainusa, akasema, “Hii ya hoteli.” Nikakiri. Akauliza chumba shilingi ngapi, nikamtajia. Akanyamaza kidogo kisha akasema, “Kodi yetu ya miezi mitatu.” Nikadhani ndiyo matusi yenyewe hayo, kumbe alikuwa anapiga hesabu tu. Maana swali lililofuata lilikuwa hili:

“Shuka zilikuwaje?”

“Nyeupe.”

“Nyeupe namna gani? Pale kwenye upindo palikuwa pamegeuka manjano?”

“Sikuangalia, dada.”

“Basi mdogo wangu hukulala hotelini. Ulilala tu.”

Nikaanza kusomeshwa. Masika, aliniambia, shuka hazikauki kwenye kamba. Lazima mashine ya kukaushia, nayo inakula umeme, hivyo mkubwa anaagiza isiwashwe mpaka ijae. Waliobaki dobini ni wawili, kazi ni ya sita. Dawa ya kung’arisha inachubua vidole, glavu zikitoboka mpaka uombe, na ukiomba mara mbili unaonekana mkorofi. Doa likibaki na mgeni akasema, kuna hoteli unakatwa. Nami nikamuuliza kuhusu mende, kwa sababu ushauri huo nilikwisha kuusikia vijiweni zamani, hata kabla ya mwenzetu kuupamba kwa wino. Dada akacheka kile kicheko chake cha puani. Mgeni akisema kaona mende, alisema, yeye anahamishiwa chumba cha kutazama bahari, na yule mama wa vyumba anaandikiwa barua. Barua tatu, kazi hakuna. Mende mwenyewe kama alikuwepo au hakuwepo, nani atamtafuta?

Ndugu mwenye makala, umesikia? Mende wako wa kubuni ana jina. Ni barua ya onyo ya mama mmoja mwenye watoto.

Haya, tuje kwenye huo ujanja wenyewe, maana mwenzetu kauandika kama kwamba ni ugunduzi wa akili zake. Nendeni soko la samaki la Feri alfajiri, kisha rudini saa kumi na mbili jioni. Fungu lililokuwa na bei ya kukufukuza asubuhi, jioni unabembelezwa ulichukue. Kwa nini? Kwa kuwa samaki hamsubiri mtu. Chumba cha hoteli na kiti cha ndege ni samaki wa namna hiyo, tena wanaooza upesi zaidi. Usiku wa leo ukipita chumba kikiwa kitupu, haununuliki tena kesho. Ndege ikishaacha ardhi, kiti kitupu kimekwisha kufa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuuza vyumba: hapa hata kizuri hujitembeza, kwa kuwa kina saa ya kufa.

Wenye mali walilijua hilo zamani. Marekani hadi mwaka 1978 nauli za safari za kati ya majimbo zilikuwa zinaidhinishwa na serikali. Sheria ikabadilishwa mwaka huo, kampuni zikaachwa zipangiane bei, na ndipo kompyuta zikaanza kukaa zikipima kila kiti: hiki kiuzwe mapema kwa bei ya chini, kile kiachwe kwa mfanyabiashara atakayekuja jana ya safari na hana hiari. Wakaweka na masharti. Ukitaka nauli ya chini nunua mapema, na ulale huko usiku wa Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Kwa sababu mfanyabiashara Jumamosi anataka kuwa kwake na wanawe. Sharti lile lilikuwa chujio tu la kumtenga mwenye hela ya kampuni na mtalii wa hela yake. Kwa hiyo ewe mwenzetu uliyeipata nauli ya chini ukajiona sungura, ujue hukumshinda mtu. Ulipita kwenye tundu lililochongwa kwa kipimo chako.

Ipo bei iliyokosewa kweli, hiyo siikatai. Mwaka 2015 United Airlines ilikosea hesabu ya fedha za Denmark, watu wakanunua tiketi za daraja la kwanza kutoka London kwenda Marekani kwa kiasi cha dola 75 hivi. Kampuni ikazifuta, na serikali ya Marekani ikaunga mkono kampuni. Kwa upande mwingine, siku ya mwaka mpya wa 2019 Cathay Pacific iliuza daraja la biashara kutoka Vietnam hadi New York, kwenda na kurudi, kwa dola 675 hivi, nauli ambayo kwa kawaida ni ya maelfu mengi, na yenyewe ikaamua kuziheshimu tiketi hizo. Mnaona basi? Hata hapo ujanja si wako. Ukiruka au usiruke, neno la mwisho liko kwa mwenye ndege.

Hadithi inayopendwa kuliko zote na watu wa fani hii ni ya bwana David Phillips, mhandisi wa California. Mwaka 1999 kampuni moja ya vyakula, Healthy Choice, ilitangaza kwamba ukiwapelekea vibandiko vya bidhaa zao wanakupa maili za ndege. Bwana huyo akapiga hesabu, akaona pudini za vikombe, kitu kama kastadi, ndizo rahisi kuliko vyote. Akanunua vikombe 12,150. Akatumia dola 3,140 na kuondoka na maili milioni moja na robo. Hodari, si hodari? Nami nilipoisikia nilipiga makofi. Lakini hebu ulizeni kama dobi: vikombe elfu kumi na mbili, kibandiko kimoja kimoja, kwa muda mfupi uliobaki, kavibandua nani? Wamevibandua watu wa kujitolea wa Jeshi la Wokovu. Yeye aliwapa pudini ziwe sadaka, wao wakambandulia, na kwa sadaka hiyo akapunguziwa tena kodi dola 815. Sisemi kaiba. Jeshi la Wokovu lilipata chakula cha maskini, kila mtu alikubali. Nasema tu kwamba hadithi hii husimuliwa kwa jina la mhandisi, na wale wenye kucha zilizojaa gundi hawana jina. Mimi ningekuwa naiandika riwaya, ningeanzia kwao.

Na pointi je? Za kadi za benki, ambazo mwenzetu anasema “zinadondoka tu”? Mimi ni mtu wa makato, kazi yangu yenyewe ni makato, nawaambia hakuna senti duniani inayodondoka. Mwenye duka akipokea kadi anakatwa na benki. Naye hakubali kufa peke yake, anapandisha bei ya unga kidogo, kwa kila mtu, mwenye kadi na mwenye noti iliyokunjwa kwenye upindo wa kanga. Kisha mwenye kadi anarudishiwa sehemu kwa jina la pointi, na mwenye noti harudishiwi kitu. Mwaka 2010 wachumi wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Boston waliipigia hesabu nchi yao: kila kaya inayolipa taslimu ilikuwa inawapelekea wenye kadi dola 149 kwa mwaka, na kila kaya ya wenye kadi inapokea dola 1,133, na wenye kipato kikubwa ndio wafaidi wakubwa. Kwa hiyo yule anayenyoosha miguu daraja la biashara kwa pointi, kachangiwa na mama aliyenunua maziwa kwa sarafu. Wazungu wa Ulaya mwaka 2015 waliliona wakaweka kikomo: kwa kadi za mkopo za watu binafsi, makato ya benki kwa benki yasizidi asilimia 0.3. Sisi bado tunafundishana namna ya kukusanya.

Naijua hoja itakayokuja, na ni hoja nzito kuliko zote, hivyo niitoe mwenyewe kabla sijapigwa nayo. Mtasema: kitanda kilikuwa kitupu. Usingelala wewe, dada yako angepata nini? Jamani, ni kweli. Nilimuuliza dada mwenyewe. Alisema afadhali mgeni wa nusu bei kuliko ukumbi mtupu, na kwamba makabwela wangejaa pwani kila masika pengine wangeachwa watu kumi zaidi dobini. Alisema pia bei ya mkazi ni haki yetu, na hapo nami nasimama naye. Mzungu aje na dola zake, sisi tuoge bahari yetu kwa shilingi. Wala msinisikie nikisema raha ni haramu kwa mtu wa Mbagala. Fastjet ilipoanza Novemba 2012 na nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, walikuwepo watu wa Mwanza walioona mawingu kutoka juu kwa mara ya kwanza maishani, badala ya kulazwa siku nzima kwenye basi. Kwetu sisi ndege yenyewe ndiyo daraja la kwanza. Kampuni ile ilikoma kuruka nchini Desemba 2018, na waliozoea wakarudi kwenye basi. Mimi nilililia shirika lile kama watu wengine.

Ugomvi wangu basi si kununua kwa bei chee. Nunueni. Ugomvi wangu ni kwamba bei ya chumba ikishuka nusu, mshahara wa dada unashuka mzima, na hakuna makala ya kulisema hilo. Mwenye hoteli anatuambia masika hakuna biashara. Sawa, haina. Lakini jengo analilinda mvua isiliharibu, jenereta analipa mafuta, miti ya bustani anaimwagilia hata kwenye kiangazi kisicho na wageni. Kitu pekee anachokizima masika na kukiwasha Juni kama taa ni watu. Theluthi moja ya mshahara kwa miezi hiyo mitatu, hata robo, ingefanya nini? Ingefanya dada asiuze cherehani yake, ambayo aliiuza mwaka ule, na hadi leo hajapata nyingine.

Na ugomvi wangu wa pili ni na sisi waandishi. Hebu fungueni hadithi za toleo lolote la jarida letu hili. Kila shujaa akipata hela ukurasa wa nane, ukurasa wa tisa yuko hotelini, kuna zulia, kuna kiyoyozi, kuna mrembo mwenye miwani. Mhudumu anaingia na sinia, “akaweka vinywaji mezani akaondoka.” Akaondoka kwenda wapi? Hatujui, hatuulizi. Tunaandika hoteli kama wageni kwa sababu tunatamani kuwa wageni, na mwenzetu wa toleo lililopita kafanya kosa lilelile bila hata kuweka hadithi ndani yake. Sisi ambao shangazi zetu na dada zetu wamejaa majikoni na madobini kuanzia Nungwi hadi Diani, ndio tunaandika kana kwamba taulo linajikunja bata lenyewe.

Nami simo? Nimo sana. Siku ile ya kuondoka nilikuwa na shilingi elfu ishirini za ziada mfukoni, nimezificha kwenye soksi. Sikumwachia hata mia yule kijana wa wavu. Nilijiambia mimi ni mkazi, bakshishi ni mambo ya Wazungu. Nikapita naye mlangoni, akaniambia karibu tena, nikasema asante, nikaenda kununua chipsi mayai Darajani nikisubiri boti. Nilipomsimulia dada hili, ndilo pekee lililomkasirisha. Chumba hakusema kitu, uongo wangu wa kikao hakusema kitu. Bakshishi ndiyo iliyomfanya ainuke aende kulala.

Amerudi kazini wiki ya pili ya Juni. Wamemrudisha na wengine wanne, watatu hawakuitwa. Sura ya sita nimeichana yote na ninaiandika mara ya tano, inaanzia nyuma ya jengo, saa kumi na moja alfajiri, mashine haijawashwa kwa kuwa haijajaa. Hadithi fupi niliyoiahidi mtaipata toleo lijalo, ndugu mhariri. Na yule mwenzetu, kama anasoma, anirudishie kitabu changu.